Kliniki ya macho ya watoto: nilicholipia hasa ni yale matone

Kliniki ninayoisema iko katikati ya jiji la Dar es Salaam, ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vitambaa. Siku mbili kwa wiki inapokea watoto peke yao, siku nyingine ni ya wakubwa. Jina sitaliandika, maana yapo niliyoyapenda na yapo niliyolalamikia, na malalamiko nimeshawapelekea wenyewe. Ninachotaka mzazi aondoke nacho ni namna ya kuijua kliniki yoyote ya macho kabla ya kuwakabidhi mtoto, awe yuko Dar, Tanga, Mombasa au Bukoba.

Namna yenyewe ni swali moja. Waulize mapokezi, hata kwa simu: mtoto mdogo mnamwekea matone ya kulegeza jicho kabla ya kumpima miwani? Wakijibu ndiyo, na wakakuonya kwamba mtakaa hapo muda mrefu, nenda. Wakikwambia hayana haja, mashine inatosha, mpeleke mtoto wako kwingine.

Nimefika kwenye swali hilo kwa sababu ya karatasi aliyoniletea binti yangu. Mjukuu wangu wa kike ana miaka minne na nusu. Tangu alipokaribia mitatu, jicho lake la kushoto lilikuwa likiingia ndani, upande wa pua, hasa jioni akishachoka au akiinamia kitabu cha picha. Asubuhi macho yako sawa kabisa. Kila mtu nyumbani alikuwa na lake la kusema. Wapo waliosema litaondoka lenyewe akikua. Wapo waliosema kengeza dogo kwa mtoto wa kike ni urembo. Mama yake hakuridhika, akampeleka kwenye duka la miwani la mtaani kwao. Pale mtoto aliwekwa kidevu kwenye mashine, akaambiwa atazame nyumba ndogo iliyo mwisho wa barabara, mashine ikalia kidogo na kutoa karatasi: mainasi 1.25 jicho la kulia, mainasi 1.50 la kushoto, yaani namba za miwani ya mtu asiyeona mbali. Miwani ingekuwa tayari jioni hiyohiyo.

Binti yangu aliichukua karatasi, hakulipa, akanipigia simu. Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa darasa la awali na la kwanza mpaka nikastaafu, na nimekaa na watoto kiasi cha kumjua mtoto wa mainasi: ndiye anayekunja macho akitazama ubao, anayeisogelea televisheni mpaka mama anapiga kelele. Huyu wetu anaiona embe iliyoiva kileleni kabla mimi sijainua shingo. Kinachomshinda ni kitabu kilicho mapajani mwake. Karatasi ilisema hivi na mtoto alisema vile, na mimi nilimwamini mtoto. Ndipo tukaenda kliniki, karatasi mkononi.

Aliyetupokea chumba cha vipimo ni mtaalamu wa optometria, yaani mpimaji wa macho na miwani, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, akanipa shikamoo na kuketi chini kwenye kigoda ili uso wake ulingane na wa mtoto. Aliisoma ile karatasi, hakuwasema vibaya walioitoa, akaiweka pembeni. "Bibi, namba hizi tusizitumie mpaka tumemwekea dawa," akasema. Kisha akanieleza kwa nini. Maelezo yake nitayatoa kwa maneno yangu, kwa sababu nimekutana na wazazi wengi wenye watoto wa miwani ambao hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza.

Ndani ya jicho mna lenzi, na misuli ya kuikaza mtu anapotazama kilicho karibu. Kwa mtu wa umri wangu lenzi imeshakuwa ngumu, ndiyo maana nasoma kwa miwani. Ya mtoto ni laini na misuli yake ina nguvu nyingi. Mtoto aliyezaliwa na jicho fupi kidogo, yule anayehitaji lenzi za plasi, huikaza misuli hiyo tangu anapoamka, na kwa kukaza huko anaona mbali vizuri, hata karibu anajitahidi. Ni kama mtu aliyebeba ndoo tangu alfajiri: asubuhi anatembea vizuri, jioni shingo ndiyo inayosema. Chati ya ukutani mtoto wa namna hiyo anaweza kuimaliza mstari kwa mstari bila mtu kushtuka. Ukimweka kwenye mashine, hata kama picha ya ndani inaonyesha barabara ndefu, yeye anajua kuna boksi mbele ya pua yake, basi anakaza zaidi. Mashine inausoma ule mkazo na kutoa mainasi.

Sasa fikiria mtoto huyo anavalishwa miwani ya mainasi. Inambidi akaze kuliko alivyokuwa akikaza. Na macho yanapokaza kutazama karibu, ubongo huyaagiza pia yasogee kuelekea puani, maana ndivyo tunavyotazama kitu cha karibu. Anayekaza kupita kiasi huyasogeza kupita kiasi. Kengeza la mjukuu wangu lilitoka hapo, na ndiyo sababu lilijitokeza jioni na kwenye kitabu. Ile miwani ya dukani ingelizidisha.

Matone yanailegeza misuli kwa saa kadhaa, na anayepima hulipata jicho lenyewe bila ule mkazo.

Kabla ya matone palikuwa na kazi nyingine, nayo waliifanya kwa utulivu ambao sikuutegemea mahali penye foleni ile. Walianza kwa maswali. Mtoto alizaliwa miezi ikiwa imetimia? Alikuwa na uzito gani? Aliwekwa kwenye oksijeni? Maana watoto njiti mishipa ya damu ya nyuma ya jicho huwa haijamaliza kukua, na inaweza kukua vibaya baada ya kuzaliwa. Amewahi kuugua surua? Nani katika ukoo ana kengeza, au miwani mizito tangu utotoni, au jicho moja lisiloona? Swali hilo la mwisho lilinigusa. Marehemu mume wangu alikuwa na jicho la kushoto lisiloweza kusoma hata kichwa cha habari cha gazeti, na maisha yetu yote tulisema amezaliwa nalo hivyo, basi. Niliwaambia, wakaandika.

Kisha chati. Mtoto wa miaka minne hajui herufi, na mahali pasipo na chati ya picha watakwambia mtoto wako hatoi ushirikiano. Hapa walikuwa na michoro minne: nyumba, tufaha, duara na mraba. Ilibuniwa na daktari wa macho wa Finland, Lea Hyvärinen, mwaka 1976, na uzuri wake ni kwamba ikishakuwa midogo kuliko uwezo wa jicho, yote minne hufifia na kufanana na duara, hivyo hakuna mchoro mmoja ulio rahisi kubahatisha. Mtoto alipewa kadi yenye michoro hiyohiyo, akawa anagusa unaofanana na anaouona mita 3 mbele yake. Hakulazimika kusema neno. Tufaha yeye aliliita moyo, na yule kijana akaliita moyo mpaka mwisho wa kipimo. Nilimpenda kwa hilo peke yake.

Jicho walilifunika kwa plasta laini, si kwa kiganja, kwa sababu watoto huchungulia katikati ya vidole. Walipolifunika la kushoto, mtoto aliendelea kugusa kadi yake. Walipolifunika la kulia alianza kulia, akaivuta plasta, akasema "giza". Kijana hakumlazimisha. Alinigeukia akasema kilio kile nacho ni jibu: mtoto hakasiriki ukimfunika jicho lisilomsaidia. Hilo mzazi anaweza kulifanya nyumbani kama mchezo, hata kwa mtoto ambaye bado hajasema. Mfunike jicho moja akiwa ameshika kitu anachokipenda, kisha jingine. Akigoma upande uleule kila mara, usingoje akue. Mpeleke.

Palikuwa na kurunzi ndogo ya kutazama kama nukta ya mwanga inakaa katikati ya mboni zote mbili. Hiyo inawafaa sana kina mama wa watoto wachanga, kwa sababu mtoto ambaye daraja la pua halijainuka, na ngozi ya kona ya jicho inafunika sehemu ya weupe, anaonekana ana kengeza na hana. Mwanga ndio unaoamua. Halafu kuna watoto wa wiki za mwanzo ambao macho yao hupotea na kurudi, na hiyo ni kawaida. Likibaki limepinda mtoto akishapita miezi minne, si kawaida tena. Palikuwa pia na kadi ya picha zilizofichika, ambazo anaziona yule tu anayeyatumia macho mawili kwa pamoja. Mjukuu wangu aliipapasa kadi yote na hakuona picha hata moja. Binti yangu aliniangalia. Sikuwa na la kumwambia.

Matone. Hapa nina neno na muuguzi. Alimwambia mtoto kuwa dawa haiumi. Dawa hiyo inachoma, na inachoma vizuri tu kwa nusu dakika hivi. Nimefundisha watoto wa umri huo na ninajua kinachofuata: ukishamdanganya kwenye jicho la kwanza, la pili hulipati. Na kweli hakulipata, mtoto alikaza kope na kupiga mateke. Nikaomba nipewe nafasi. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba ni kweli inachoma, na kwamba tutahesabu pamoja mpaka ishirini na itaacha. Tukamlaza chali, macho kafumba, muuguzi akaweka tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, tukamwambia afumbue, dawa ikaingia yenyewe. Alilia, akahesabu huku analia, na ilipofika ishirini ilikuwa imeacha kama nilivyomwambia. Waliporudia baadaye alilala mwenyewe. Nimemweleza muuguzi, na nimemweleza mkuu wa kliniki: mtoto aambiwe kweli. Wao watamwona tena na tena kwa miaka, wanahitaji awaamini.

Dawa yenyewe ni saiklopentoleti ya asilimia 1. Kwa macho meusi kama yetu huchelewa kushika kuliko kwa macho ya rangi nyepesi, kwa hiyo wanarudia na kusubiri, na kliniki inayokuita baada ya dakika chache haijakutendea haki. Ikishashika, mboni zinakuwa kubwa, mwanga unamuumiza mtoto, vitu vya karibu vinakuwa na ukungu, na hali hiyo huweza kuendelea mpaka kesho yake. Wengine hupata joto usoni au kusinzia. Kuna sehemu hutumia atropini, ambayo mzazi hupewa akaiweke nyumbani siku kadhaa kabla ya kurudi. Hiyo inalegeza zaidi na hudumu zaidi, lakini ni sumu ikimezwa, kwa hiyo kichupa kikae juu mtoto asikofikia. Hakuna aliyetwambia tuje na kofia. Mtoto alitoka pale saa nane mchana, jua la Dar es Salaam limesimama utosini, nikamfunika kwa kanga yangu mpaka tukaingia kwenye bajaji. Lalamiko la pili hilo, na dawa yake ni sentensi moja kwenye ujumbe wa simu wanaotuma siku moja kabla.

Tulipokuwa tukisubiri benchi lilijaa. Wengi walikuwa wavulana wenye mzio wa macho, wale wanaosugua mpaka unasikia, weupe wa macho umegeuka rangi ya chai, nyuzi za ute zinavutika asubuhi. Ugonjwa huu unapenda nchi za joto na vumbi, na unapenda wavulana. Mama mmoja alikuwa na mfuko wa vichupa kutoka maduka ya dawa tofauti. Daktari alipopita alivitoa kimoja kimoja mezani, akavitenga vyenye steroidi. Steroidi kama deksamethasoni humpa mtoto nafuu upesi, ndiyo maana mzazi hurudi dukani kununua nyingine. Ikitumika miezi bila mtu kupima presha ya jicho, presha inaweza kupanda bila maumivu yoyote na kuua mshipa wa kuonea, au lenzi ikaingia ukungu, yaani mtoto wa jicho kwa mtoto mwenyewe. Daktari hakumfokea mama yule. Alimpima mtoto presha palepale, akamwandikia dawa ya mzio ya kutumia kila siku na kitambaa cha maji baridi cha kukanda, akamweleza kuwa kusugua kwenyewe kunaweza kuichongoa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Natamani wenye maduka ya dawa wangekuwepo kusikia.

Alikuwepo pia mtoto mwenye ualbino, macho yake yakichezacheza bila kutulia, ndivyo yanavyokuwa kwa wengi wao. Kliniki ilikuwa na darubini ndogo ya kushika mkononi ya kusomea ubao, na walimpa muda wa kuijaribu kwa kutazama mabango ya barabarani kupitia dirishani. Miwani humsaidia mtoto wa namna hii lakini haimfikishi kwenye kuona kwa kawaida, na mwalimu wake anatakiwa kulijua hilo: akae mbele, mbali na dirisha lenye jua, aruhusiwe kofia darasani, aruhusiwe kusogeza kitabu puani. Nimeshuhudia shule ambako mtoto alikatazwa kofia kwa sababu si sehemu ya sare. Inaniumiza hadi leo.

Na ukutani palikuwa na bango ambalo ningependa libandikwe kila zahanati: picha ya mtoto iliyopigwa kwa flashi, jicho moja lina wekundu ule wa kawaida, la pili ni jeupe. Weupe ndani ya mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Ukiuona kwenye picha za simu yako, usitafute siku ya kliniki wala usiweke chochote jichoni. Nenda hospitali kubwa wiki hiyohiyo. Kwetu Tanzania kuna Muhimbili na CCBRT hapa Dar es Salaam, na KCMC Moshi.

Tulipoitwa tena, taa zilizimwa. Yule kijana alishika retinoskopu, kurunzi yenye mwanga mwembamba, akawa anaupitisha jichoni huku na huku na kubadilisha lenzi mbele ya jicho mpaka mwanga wa ndani ulipoacha kukimbia. Mtoto hana cha kujibu, anakaa tu. Jicho la kulia: plasi 4.00. La kushoto: plasi 5.75, na astigimatizimu kidogo, yaani konea haijawa mviringo sawasawa. Nikaiweka ile karatasi ya dukani mezani tena, mainasi 1.50 kando ya plasi 5.75, jicho lilelile la mtoto yuleyule. Naomba mzazi anayesoma hapa asimame kwenye namba hizo mbili kidogo.

Daktari akatazama nyuma ya jicho kwa taa ya kichwani, akasema ni safi, akatueleza kilichobaki. Kwa kuwa jicho la kushoto lilikuwa na kazi kubwa zaidi, picha yake ilikuwa na ukungu kila wakati, na ubongo ukaamua kulitegemea la kulia. Jicho la kushoto si bovu, ila limeachwa. Wao huliita jicho vivu. Ubongo wa mtoto mdogo bado unakubali kufundishwa kulitumia, na kadiri anavyopita miaka saba au minane ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Niliuliza kuhusu mume wangu. Daktari akasema inawezekana kabisa lilikuwa jambo hilohilo, na kwamba zama zetu kijijini hakukuwa na wa kulikamata mapema.

Tiba inaanza na miwani peke yake, muda wote, kwa wiki kadhaa, kwa sababu jicho vivu hupata nafuu kubwa kwa kupewa tu picha iliyo wazi. Baada ya hapo ndipo hufunikwa jicho zuri. Mama yake aliingiwa na hofu aliposikia kufunika, akidhani ni kutwa nzima. Daktari akamwambia ni saa 2 kwa siku. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003, kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye uvivu wa wastani, ulioonyesha kuwa saa 2 zenye kazi ya karibu, kama kuchora na kupanga vitu, zilifanya vizuri sawa na saa 6. Plasta ibandikwe usoni, chini ya miwani. Ikibandikwa kwenye kioo mtoto hupitisha jicho pembeni.

Kwenye miwani yenyewe ndipo kliniki hii ilipotaka kuniangusha. Uchunguzi ulilipwa na bima ya mama yake, miwani tulitoa mfukoni, na haikuwa bei ndogo. Hilo nimelikubali. Nisilokubali ni kwamba fremu za kwanza walizotoa zilikuwa za wakubwa zilizofanywa ndogo, zenye daraja la kukaa kwenye pua ndefu nyembamba. Pua ya mjukuu wangu ni ya kwetu. Miwani iliteleza mpaka ncha ya pua na mtoto akawa anatazama juu ya vioo, na mtoto wa plasi 5.75 anayetazama juu ya vioo hana miwani. Tulikataa fremu zote za trei ya kwanza. Yule kijana akaenda stoo akarudi na fremu za plastiki laini za kipande kimoja, hazina skrubu, daraja lake pana limekaa chini, nyuma kuna mkanda wa kupita kisogoni. Hizo zilikaa. Zingekuwa juu ya trei tangu mwanzo. Lenzi tuliomba za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, maana mtoto huanguka, na kioo cha kawaida karibu na jicho la mtoto sikitaki.

Jambo ambalo walitwambia mapema, na nawashukuru: mtoto akishazoea miwani, macho yatanyooka akiwa ameivaa, lakini akiivua jicho litaingia ndani waziwazi kuliko zamani. Wazazi wengi wakiona hivyo husema miwani imemharibu, wanaificha kabatini. Haijamharibu. Misuli imepumzika, na akiivua inarudia kukaza ghafla. Imetokea hivyohivyo kwetu, na jirani alishangaa sana, lakini mama yake alikuwa tayari ameshaelezwa na hakutetereka. Kwenye miwani macho sasa yamenyooka. Chati ya jicho la kushoto imepanda mistari, haijafika bado. Ile kadi ya picha zilizofichika, marudio ya juzi aliigusa sehemu moja akasema "nyota". Mama yake alitoka nje kulia.

Ujumbe wao wa kukumbusha tarehe naupa alama za juu. Kule Trans Nzoia, Kenya, walimu walipewa simu za kupimia watoto macho shuleni, na wazazi wa waliopatikana na tatizo wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha pamoja na picha ya jinsi mtoto anavyoona. Matokeo yalichapishwa 2018: 54 kati ya kila watoto 100 walifika hospitali, wakati kwa waliopewa rufaa ya karatasi kwa njia ya kawaida walifika 22. Mwalimu anaweza kufanya kazi hiyo, na ningeifanya kwa moyo wangu wote ningepewa simu hiyo enzi zangu. Kipimo cha umbali hakitamkamata kila mtoto wa aina ya mjukuu wangu, ila kitawakamata wengi, na anayepelekwa atakutana na matone.

Kwa atakayekwenda kliniki ya namna hii: mtoto aanze kupimwa kabla ya kuingia darasa la awali, hata kama huoni tatizo, na mapema zaidi kama ukoo una kengeza au jicho lisiloona. Afike asubuhi, awe amekula, awe na kofia yenye ukingo na kitu cha kuchezea kwa muda wa kusubiri. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani kwamba dawa itachoma kidogo. Omba nakala ya cheti cha miwani yenye namba zote pamoja na umbali wa kati ya mboni, iwe yako, kwa sababu mtoto atavunja miwani na si lazima ununue mpya kwao. Na hapa kwao waombe fremu za stoo.